Kipande Namba Nne

Kwa mujibu wa waraka uliotolewa mwaka 1993 na ofisi ya serikali iliyosimamia mitihani ya mafundi, miti yote duniani imegawanyika katika makundi mawili na hakuna la tatu. La kwanza ni miti ya majani mapana. La pili ni miti ya jamii ya msonobari, ambayo majani yake ni mfano wa sindano. Fundi wa mbao hana budi kutofautisha mbao za makundi hayo bila kusita. Waraka ulimalizia kwa herufi kubwa kwamba mtu asiye na cheti cha ofisi hiyo asiaminiwe na mwananchi yeyote kumchagulia mbao.

Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa chuo kidogo cha ufundi cha kanisa kule Kawangware, kwa misumari minne iliyopigwa sawasawa. Aliyeubandika ni Geoffrey Muia, mwalimu wa useremala wa chuo hicho. Hakuwa na cheti. Aliusoma wote akiwa na nyundo mkononi, akaona kasoro moja: mpodo una majani bapa, marefu, yanayofanana na ya mwembe mchanga, hauna sindano hata moja, na bado ni ndugu wa msonobari. Lakini hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo akapiga msumari wa nne.

Muia alizaliwa upande wa Mwingi. Alifika Nairobi mwaka 1971 na patasi mbili na anwani ya binamu ambaye alikuwa ameshahama. Tangu hapo ameishi Kibera, kijiji cha Soweto, pamoja na mkewe Nthenya, anayewapikia wajenzi wa nyumba za watu wengine muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe. Wazee wa Kinubi watakuambia kwamba jina Kibera maana yake ni msitu. Huo msitu Muia aliukuta umeshaingia ndani ya kuta: nguzo za mkalatusi, fremu za saiprasi, milango ya mbao za masanduku zilizoungwa kama shati la maskini. Akiingia kwako kukusalimia, hukusikiliza vizuri tu, ila jicho lake liko kwenye mhimili. Ukitaka kujua nyumba yako ilikuwa mti gani kabla ya kuwa shida yako, yeye ndiye wa kumwuliza.

Kila asubuhi alivuka Ngong Road kwa miguu, akateremka hadi Kawangware. Huko wenye yadi za mbao walimjua kwa jina la Fundi Ulimi. Sababu ni kwamba kabla ya kununua ubao Muia hukata ncha yake kwa kisu kikali, huilamba, kisha huitazama kwa jicho moja, kama mpangaji anayechungulia tundu la ufunguo kuona kama aliyebisha ni mwenye nyumba.

Hakuzaliwa akilamba mbao. Mwaka 1986 alimtengenezea mama mmoja wa mtaa wa Olympic, upande wa juu wa Kibera, aitwaye Nereah, madirisha sita. Mwenye yadi aliapa kwa jina la mamake kwamba mbao zile ni mahogani, na kweli zilikuwa nyekundu. Muia akaamini rangi. Masika mbili baadaye Nereah alishuka hadi Soweto, amevaa viatu vya kanisani, ameshika mfuko wa plastiki.

"Fundi," akasema mbele ya majirani, "nimekuletea mahogani yako. Nimeivunja kwa kidole, ndiyo usihangaike kuibeba."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitu kama keki iliyolowa. Ilikuwa podo iliyopakwa rangi. Podo ni mbao safi kwa kabati la ndani, lakini haivumilii mvua. Muia alitengeneza madirisha yote sita upya, akawa anapita Olympic kila Jumapili ya mvua kuyatazama kutoka barabarani, kama mtu aliyeacha mtoto kwa watu. Kuanzia hapo hakuamini rangi wala kiapo. Alianza kulamba.

Alichokuwa anatafuta ni vitundu. Darasani alivieleza hivi, kila Januari, kwa maneno yaleyale:

"Mti wa majani mapana unakunywa maji kwa mirija. Mirija kabisa, kama ya soda, imesimama kutoka mizizini mpaka juu. Ukikata ncha ukailowesha, unaona midomo ya hiyo mirija: vitundu. Sasa msaiprasi, mpaini, mtarakwa, mpodo, hao hawana mirija. Wanakunywa kama utambi wa koroboi. Maji yanapanda polepole, nyuzi kwa nyuzi. Kata, lowesha, angalia: hakuna kitundu. Majani yatakudanganya, rangi itakudanganya, mwenye yadi ndiyo usiseme. Vitundu havina sababu ya kukudanganya."

Kisha alichukua kijiti cha mahogani kirefu kama nusu ya kidole, akakitia ncha moja kwenye kikombe cha maji ya Omo, akapuliza ncha nyingine. Povu likapanda. Akachukua kijiti cha saiprasi, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakatulia kama hayajaambiwa kitu.

"Mwalimu, na kama mti ulikuwa na homa?" aliuliza mwanafunzi mmoja, Isaac, ambaye aliuliza swali la namna hiyo kila wiki.

"Wewe nyamaza," akamwambia Lavender Musimbi, msichana wa Vihiga aliyekuwa anapiga randa kuliko wavulana wote. "Mrija wenyewe wa soda umeuona juzi hapa Kawangware, sasa ati unajua homa ya miti."

Mwaka 1995 Muia alikwenda kufanya mtihani wa Daraja la Pili. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na watahiniwa wenzake walimpisha kwenye foleni wakidhani ni mtahini. Sehemu ya kuunga mbao aliimaliza kabla ya wengine kupata mahali pa kuweka koti. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya vipande sita vya mbao, vimepigwa namba, vimelala kwenye sanduku lenye kitambaa cha kijani. Mtahiniwa aandike jina la kila kipande na kundi la mti wake. Ukikosa kimoja, umeanguka mtihani wote. Serikali haikutaka fundi wa tano juu ya sita.

Kipande namba nne kilikuwa chekundu. Muia alikitazama kwa muda, akakilamba. Hakuna kifungu kilichokataza kulamba mali ya serikali. Pengine hakuna aliyefikiri kingehitajika. Kisha akaandika: *Podo. Imepakwa rangi. Jamii ya msonobari.*

Kwenye karatasi ya majibu, iliyotoka juu ikiwa na muhuri, kipande namba nne kilikuwa mahogani, mti wa majani mapana. Muia akaanguka.

Alirudi Kawangware akafanya jambo ambalo sijui mwalimu gani mwingine angelifanya. Aliwasimamisha wanafunzi mbele ya ubao akawaambia: "Kipande namba nne ni podo. Nataka mjue hivyo mpaka mtakapozikwa. Lakini mkifika kule kwa mtihani, kipande namba nne ni mahogani. Tumeelewana?"

Walielewana. Mwaka uliofuata Isaac alipita Daraja la Tatu. Lavender alipita la Tatu, na mwaka 1997, mwezi wa tano, akapita la Pili. Wote waliotoka chuo kile walipita swali la mbao bila kipande hata kimoja kulowa, na ofisi ikaandika barua ya kuupongeza uongozi wa chuo kwa kiwango cha juu cha mafunzo.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, meneja wa chuo, Madam Kageha, alimwita Muia ofisini.

"Mwalimu, kaa."

"Nasimama tu, Madam. Ukisema nikae najua ni mbaya."

"Ni mbaya. Kaa."

Muia akakaa. Madam Kageha akaigeuza barua iliyokuwa mezani ili aisome mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuisema. Kuanzia Januari 1998, mwalimu yeyote wa ufundi asiye na Daraja la Pili hataruhusiwa kufundisha. Chuo kikikaidi, kitafungwa.

"Mtihani uko Novemba," akasema Madam Kageha. "Nimeshakuandikisha. Ukipita, hii barua tunafungia nayo nyama. Usipopita..." Akatazama dirishani. Nje, Lavender, aliyekuwa amebaki chuoni kumsaidia Muia, alikuwa anamwonyesha mtu namna ya kushika msumeno. "Aliye na hicho cheti hapa ni mmoja tu."

"Anajua kazi," akasema Muia.

"Najua anajua. Umemfundisha wewe. Sasa Mwalimu, hicho kipande ni neno moja tu. Si uandike?"

"Nitaona, Madam."

Jioni Soweto, habari ilikuwa imemtangulia, kwa kuwa mke wa mlinzi wa chuo hununua muthokoi kwa Nthenya.

"Baba Kaveke," Nthenya akasema, akiwa amepakata sinia na kuchagua maharagwe, "hicho kipande kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea."

"Basi kiite mahogani. Mimi kuna mteja ananiita Nduku, mwaka wa tatu sasa, na bado namwekea supu."

"Wewe hakuna mtu atakufanya dirisha."

"Na hicho kipande nani atakifanya dirisha? Kiko kwa sanduku, kimefunikwa kitambaa. Kinalala pakavu kuliko sisi."

Hilo lilikuwa kweli. Juu ya kitanda chao kulikuwa na sufuria iliyokuwa na kazi ya kudumu ya kupokea mvua. Nthenya akaendelea kuchagua maharagwe. Mabovu aliyatupa mlangoni, mbali kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kaveke, binti yao, alikuwa kidato cha tatu kule Kitui kwa shangazi. Walikuwa na karo ya mwaka mmoja ya kumalizia. Hakuna aliyemtaja usiku ule wala siku zilizofuata, na hivyo ndivyo kila mmoja alivyojua kwamba mwenzake anamfikiria.

Lavender alimvizia kwenye lango asubuhi.

"Mwalimu, mimi nitamwambia Madam sitaki hiyo kazi."

"Utaichukua. Nani atawafundisha, Isaac?"

"Isaac! Huyo mbao anayoijua ni ile ya kulalia."

"Ndiyo maana."

"Lakini Mwalimu, si wewe ulituambia tuseme ni mahogani? Mbona sisi tuliweza?"

Muia alilifikiria swali hilo mpaka kengele ikalia. "Nyinyi niliwaambia mimi," akasema. "Kosa ni langu, halijawagusa. Sasa mimi nitasema niliambiwa na nani?"

Novemba ilifika na mvua zake. Mtahini alikuwa yuleyule wa mwaka 1995, Bwana Khamala, mtu wa upande wa Webuye, mpole, mwenye tai ya kahawia na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa zimekauka. Alikuwa ameisimamia mitihani ile miaka tisa, na walioshindwa walimpenda kidogo tu pungufu ya waliopita.

"Mzee Muia, umerudi."

"Nimerudi, bwana."

"Na ulimi?"

"Nimekuja nao."

Muia aliunga mbao zake, akamaliza, akaingia chumba cha vipande. Moja, mbili, tatu, aliandika. Tano na sita akaandika. Kisha akaweka kalamu chini akakaa na kipande namba nne kiganjani. Wenzake walitoka mmoja mmoja. Alipobaki peke yake, Bwana Khamala akavuta kiti.

"Shida ni nini, mzee?"

"Bwana, wewe umewahi kukiangalia hiki?"

"Nakiangalia kila mwaka."

"Ncha yake?"

Muia akatoa mfukoni kijiti cha mahogani na pakiti ndogo ya Omo. Akaomba maji kidogo kwenye gilasi ya mezani. Akaomba pia ruhusa ya kukata kijipande kutoka ubavuni mwa namba nne.

"Hapana," akasema Bwana Khamala. "Hiyo ni mali ya serikali. Huwezi kuikata." Akatazama mlango. "Mimi naweza. Iko chini ya sahihi yangu."

Akachukua kisu cha Muia akakata, vizuri kuliko Muia alivyotarajia. Kisha mtahini wa serikali, mwenye tai, akainama juu ya gilasi na kupuliza. Alipuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Maji hayakutikisika. Muia akampa kile kijiti cha mahogani. Bwana Khamala akapuliza kwa nguvu ileile, povu likapanda, likamwagika mezani na kwenye tai. Akaitoa leso, akaifuta tai taratibu kutoka juu kwenda chini.

"Nilidhani," akasema. "Mwaka wa tisini na tano ulipoandika vile, nilienda nikakiangalia jioni. Nikadhani."

"Sasa umeona."

"Mimi nimeona. Karatasi haioni, mzee. Karatasi imetoka juu. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba vipande vilithibitishwa na mtaalamu, na kwamba watahiniwa wengi wanapita swali hilo, hasa wa Kawangware." Alimtazama Muia kwa namna ya mtu anayejua. "Kwa hiyo hakuna tatizo, wakasema."

Muia alicheka, mara moja, kwa pua.

"Andika mahogani," akasema Bwana Khamala kwa sauti ya chini. "Andika twende nyumbani. Mimi na wewe tunajua ni nini. Hakuna mtu atakayekuja kukuletea kwa mfuko wa plastiki."

Muia alishtuka, kwa sababu habari ya Nereah hakuwa amemwambia mtu yule. Kumbe ilikuwa imeshatembea mji mzima. Mafundi huwa na habari za wenzao kama hizo na huzitunza vizuri kuliko vyombo vyao.

Alichukua kalamu. Aliandika herufi *M*. Aliitazama. Ilikuwa herufi nzuri, yenye miguu miwili imara. Bwana Khamala naye aliitazama, na kwa kitambo kidogo chumba kile kilikuwa na watu wawili waliotaka jambo moja kwa moyo wote.

Kisha Muia akaendeleza: *Mpodo. Jamii ya msonobari, ingawa majani yake si sindano.* Akaweka nukta, akasimama, akamshukuru mtahini kwa maji.

"Mzee Muia," Bwana Khamala akasema akiwa bado amekaa. "Pole."

"Asante, bwana. Hiyo tai ioshe na maji baridi. Omo ikikauka inaacha alama."

Matokeo yalifika wiki ya pili ya Desemba. Nthenya aliyasoma, akayakunja, akayaweka chini ya sinia. Aliweka ugali mezani, akamkatia mumewe ule upande wa chini ulioshika moto, anaoupenda. Baadaye alisema tu, "Kwa hivyo ni podo."

"Ni podo."

"Sawa. Kula."

Kwenye rejista ya Januari 1998 mwalimu wa useremala ni Lavender Musimbi, Daraja la Pili. Sharti ambalo Lavender alimpa Madam Kageha, akiwa amesimama na mikono kiunoni, lilikuwa moja: chuo kiajiri mtunza stoo ya mbao, na mtunza stoo awe na meza yake ndani ya darasa, kwa kuwa paa la stoo linavuja. Madam Kageha alikwenda kulikagua paa. Halikuwa linavuja. Akaandika kwamba linavuja. Cheo cha mtunza stoo hakikutajwa kwenye barua yoyote ya serikali, kwa hiyo hakikuhitaji daraja. Kaveke alirudi shuleni wiki moja baada ya wenzake, na shangazi akaambiwa alikuwa na malaria.

Wanafunzi wapya walipata taabu kidogo mwanzoni kujua nani wa kumwita Mwalimu. Lavender alipoeleza jambo la vitundu alieleza kwa maneno yake, ya haraka, na mifano ya nywele za kusuka. Muia kwenye meza yake alisikiliza, akainua kichwa mara moja tu, aliposikia mfano uliokuwa mzuri kuliko wake. Siku hiyo alikwenda nyumbani kwa njia ndefu.

Mwezi wa pili pikapu ilisimama nje ya chuo. Ilikuwa imebeba mbao za milango na madirisha, zimefungwa kwa kamba ya katani, zinakwenda Webuye. Dereva aliingia akauliza mzee wa stoo ni yupi, kwa sababu Bwana Khamala, anayejenga kwao, alimwambia mbao zile zisitoke Nairobi kabla ya mzee huyo kuzitazama. Muia akatoka na kisu. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine, akachukua karibu asubuhi nzima. Mbili alizishusha.